Kidonge cha Nusu Bei

Vidonge vyangu vya hofu vilipopanda bei, nilivikata katikati kwa mkasi wa kukatia nyuzi ili vifike mbali. Daktari aliniandikia kimoja kizima kila asubuhi, lakini mfuko wangu haukupanda pamoja na dawa, basi nikajifanya daktari mwenyewe. Wiki haikuisha, hofu ikarudi na mizigo yake yote. Nilikuwa kwenye cherehani, mchana kweupe, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, sindano ikanichoma hadi damu ikadondoka kwenye kola. Nikajua nikiendelea hivi nitapoteza kazi au nitapoteza akili, na sikujua kipi kitatangulia.

"Wifi, inuka twende duka la dawa," alisema mke wa kaka yangu, ninayeshona naye chumba kimoja. "Ukizimia hapa, hii oda nitaimaliza na nani? Na kaka yako?" Ndivyo anavyonipenda, kwa maneno makali.

Mfamasia alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alisoma cheti cha daktari, akaweka maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza nililizoea, la buluu. La pili lilikuwa jeupe, halina hata pambo, bei yake nusu.

"Ni dawa ileile," alisema. "Kwenye la buluu unalipia pia jina la kampuni iliyoitoa kwanza. Haki yake ya kuitengeneza peke yake iliisha, na wengine sasa wanaitengeneza. Dawa iliyomo ni ileile, nguvu ileile."

"Na hili la buluu mbona limepanda?"

"Linatoka nje, dada. Pesa yetu ikishuka, lenyewe linapanda. Na sisi wa barabara kuu tunaongeza kodi ya pango la duka, sikufichi."

"Rahisi huvunja upishi," nilisema. "Kama ni ileile, mbona rangi ya kidonge si ile?"

"Rangi haitibu." Kisha akaviona vile vipande nilivyokuja navyo kwenye karatasi mkononi, akavaa miwani. "Umekuwa ukikata? Dada, dawa hii haipunguzwi wala haiachwi bila daktari. Huenda hofu hii umeikaribisha wewe, na huo mkasi wako."

Nikaikunja ile karatasi. Alimpigia daktari palepale, wakaongea, akaniambia nirudie kimoja kizima, nianze leo. Nikanunua vyeupe kwa sababu vya buluu sikuviweza. Sikuviamini hata kidogo.

Tuliporudi chumba cha kushonea niliweka kidonge kiganjani nikakitazama. Je, kama ni chokaa tupu? Je, kama nitakimeza, kesho niamke sijui jina langu? Jasho lilinitoka mgongoni. Wifi aliona, akanisukumia kazi, maana kwake kila ugonjwa dawa yake ni kazi.

Zilikuwa shati zilizokamilika, zimebaki lebo tu. Fungu moja la duka kubwa, hilo hushonewa lebo ya uzi wa dhahabu. Fungu la pili la sokoni, hilo huenda bila kitu. Nilinyoosha mkono, mkono ukatetemeka, mafungu yote mawili yakaporomoka sakafuni.

"Mungu wangu, zimechanganyika!" nilipiga kelele, machozi yakanitoka. "Za duka na za soko! Nitazijuaje sasa?"

Wifi aliacha kushona, akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani.

"Zimechanganyika nini, wewe? Jora moja, uzi mmoja, mikono yetu hii hii. Okota zozote, shonea lebo."

Nilibaki nimeshika shati. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiishona ile lebo kwa mkono wangu, na watu wakailipia mara mbili.

Woga haukuondoka, nisidanganye. Moyo ulikuwa bado unagonga kooni nilipokiweka kile kidonge cheupe ulimini na kunywa maji.

"Wifi," nilisema, "naogopa."

Nilingoja utani wake. Akavuta kiti chake, akakaa karibu yangu, akaanza kuokota shati.