Chumba cha Mkurugenzi

...ni kuchomoa tu, plagi hii hapa mkononi, ina joto kidogo kama kisigino cha mtoto mchanga, ukivuta imetoka, hata dada aliponivutia jikoni alisema hivyo hivyo, "Si unachomoa tu? Wageni wakiondoka unachomeka tena," kana kwamba ni redio, kana kwamba humu ndani kuna mtu anaimba na akinyamazishwa ataendelea pale alipoishia, na mimi nikaitikia, ndiyo, mimi, fundi friji, ninayeijua baridi kuliko ninavyowajua ndugu zangu, nikasema "sawa dada" nikaja huku na gauni lake la kuazima linalonibana makwapani, nikajifungia, nikapiga magoti mbele ya friji langu bovu... bovu kwao, maana nililitoa mota, nikalitoa na gesi, nikaliwekea taa ya joto na kidhibiti chake, nikalibadilisha kazi, likawa linapasha badala ya kugandisha, na limelea watoto wengi kuliko ukoo wetu wote ukijumlisha na wa nje ya ndoa, ila linanguruma, hiyo ndiyo kesi yake leo, ile feni ndogo ya ndani ina kikohozi, na dada ameshawaambia wageni kwamba chumba hiki ni stoo, sasa stoo gani inakohoa... na leo mvua haijakatika tangu asubuhi, sakafu ni barafu, nikichomoa joto litashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na mayai yameshaanza kubonyea, yamebonyea wiki hii yote, na mayai ya chatu yakibonyea hivyo baada ya kukaa muda wake maana yake mtoto amemaliza kilichokuwemo, anajipanga kutoka, si wakati wa kumtolea blanketi, hata kuku analijua hilo, dada halijui, na amezaa sita.

Vijiko vinagonga vikombe huko sebuleni, mama wa bwana harusi ana sauti nene inayopita ukutani bila kubisha, anasifu mapazia, dada anacheka kile kicheko chake cha wageni, kile cha kupandisha mwishoni, mwanangu simsikii, atakuwa amekaa pembeni ya kochi na magoti yamebanana, na yule mchumba wake mwenye miwani naye simsikii, na huyo ndiye ananichoma zaidi, kwa sababu huyo anajua, alikuja humu mwenyewe mwaka jana, akamshika chatu dume, naye akamnyea shati zima, akacheka mpaka miwani ikadondoka, akasema "Mama, huyu kanipa uraia", na leo amefyata, anakunywa chai, anatazama mapazia... sawa, anyamaze, ndiyo tabia ya mtu mbele ya mama yake, hata mimi mbele ya dada ninanyamaza, hata plagi nimeishika kwa sababu ya kunyamaza. Na kuchomoa ndiyo dogo. Kubwa ni yule mtu wa gunia. Dada amemtafuta, atakuja wageni wakishaondoka, amchukue Mkurugenzi, chatu jike mwenye mayai haya, achukue na dume, mayai tuyamwage shimoni tuyafukie, "tuanze ukurasa mpya", kasema dada, na mimi hilo nalo nikaliitikia, si kwa ajili yake, dada ningemjibu, dada nimemjibu tangu tuko wadogo, ila mwanangu alikuja jana jioni akasimama pale mlangoni, hakuingia hata hatua, anabandua rangi ya kucha, akasema "Mama, naomba", basi, hakumalizia, na mtoto asiyeomba kitu tangu amalize shule akikuomba kimoja utamwambiaje hapana, nikasema sawa mwanangu, na usiku huo nikalala vizuri tu, hicho ndicho kinachonishangaza, nililala kama gogo.

Mkurugenzi ananitazama. Kajiviringa kwenye sanduku lake la kioo, kichwa juu ya mgongo, kama kawaida, hafanyi chochote na wote tunamnyatia, ndiyo maana akapewa jina hilo, hajala tangu atage, nilipomnyanyua juu ya mayai yake alinibana mkono kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayekuuliza unaenda nayo wapi, nikamwambia nayapeleka kwenye friji, bosi, usicheke, nikayatoa yote yakiwa yameshikamana kama mkate wa maboflo, nikachora mstari wa penseli juu ya kila moja ili lisigeuke, maana yai la kuku unaligeuza lakini la chatu ukiligeuza mtoto anazama humo humo ndani... na watu wanasema nafuga majini. Wanasema natapikiwa pesa usiku. Jamani, kama nyoka hawa wanatapika pesa, mimi bado nalala chini ya mafriji ya watu na bisibisi mdomoni kwa starehe gani? Wanasema mume alinikimbia kwa sababu ya nyoka, hiyo ndiyo tamu kuliko zote, imeshakuwa historia, dada mwenyewe anaisimulia kwa huzuni, wakati mwanaume yule aliondoka hata kuku sina, aliondoka na mwanamke wa duka la viatu, mchana kweupe, na jozi mbili mpya, nyoka walikuja baadaye, ukimya wa nyumba ulipokuwa umenishinda, yule daktari wa mifugo niliyekuwa namtengenezea friji la chanjo alikuwa anahama nchi, akaniambia fundi, hawa wawili hawana pa kwenda, hawapigi kelele, hawadai, nikasema basi hao wanaume wangu, akacheka, nikawabeba kwenye pipa la rangi, nikaogopa njia nzima, ndiyo, niliogopa, jasho lilinitoka mpaka miguuni, sijawahi kusema sikuogopa, na kibali nikakitafuta mpaka nikakipata, kiko pale ukutani, kina muhuri, nyumba zao nusu hazina hati...

Kuna kitu. Pale, lile la kona, chini ya mstari wa penseli. Nadhani ni kivuli cha taa... si kivuli, limechanika, mchano mwembamba kama wa wembe, ute unang'aa, na ndani ya mchano kuna kapua, vitundu viwili, kapovu kanakua kanapasuka, kanakua tena. Anapumua. Amepasua mwenyewe, kwa kale kajino ka puani wanakozaliwa nako, kajino ka kazi moja tu, akishatoka kanadondoka, na sasa atakaa hapo, nawajua, atatoa kichwa atulie, anaweza kushinda hivyo siku nzima, mwili ndani kichwa nje, anaipima dunia kama inamfaa, na ukimharakisha unamuua. Na dunia yenyewe anayoipima ni mimi, mwenye gauni la kubana, na plagi mkononi.

"Na yule nyoka," sauti nene inasema huko, nami nainua kichwa, "samahani mwanangu kuuliza, mimi hata mjusi tu napanda juu ya meza, nilisikia hapa kwenu palikuwa na nyoka, kweli mlishamwondoa?" Kikombe kinawekwa kwenye kisahani. Sema, nasema moyoni, we mchumba, mwenye uraia wako, sema. Halafu namsikia mwanangu, sauti safi kabisa, ile aliyosomea hadithi shuleni watu wakasimama kupiga makofi: "Ilikuwa zamani, mama. Mama yangu aliugua upweke baba alipoondoka, ndiyo akawa na mambo hayo. Sasa hivi amepona." "Alhamdulillahi, Mungu mkubwa," anasema mama wa watu, na dada anaitikia "mkubwa sana", na ninasikia kabisa wakinihurumia, huruma inapita chini ya mlango kama maji ya mvua... amepona. Nimepona nini? Angesema waliondoka, ningemsamehe, uongo wa kawaida, wote tunadanganya wageni, tunasema tumeshiba. Lakini amepona! Miaka yote hii, kuamka kupima unyevu, kusuuza mabakuli, kumlea chatu mgonjwa wa mapafu nikimwinamisha kamasi zitoke, watu wakija kutoka mbali kuniuliza, fundi, wa kwangu kagoma kula nimfanyeje, nami najua, mimi najua jibu, yote hiyo ilikuwa homa? Nilikuwa nimelala kitandani naweweseka?

Na nani alikuwa anashika tochi? Hebu niulize. Nani alikuwa anazima taa ya chumba na kuweka tochi nyuma ya yai ili tuone mishipa, anapiga kelele "Mama, ana barabara ndani!" Ile mara ya kwanza umeme ulipokatika, mvua kama hii hii, yule jike wa daktari, mama yake Mkurugenzi, alikuwa ametaga na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nimekaa chini naangalia kidhibiti kinashuka, nasema basi, Mungu hakupanga, yeye ndiye aliyekwenda jikoni, mtoto wa kusimama kwenye kigoda ili afikie jiko, akachemsha maji, akajaza chupa za soda, akazivalisha soksi, soksi zangu, zake, mpaka za baba yake zilizokuwa zimesahaulika, akazipanga kuzunguka mayai, zikipoa anabadilisha, akanifokea, "Mama amka, lete chupa nyingine!", tukashinda hivyo mpaka vidole vikababuka, na yakaharibika yote, yote isipokuwa moja, na lililobaki lilipopasuka alipiga magoti hapa hapa nilipopiga mimi, hakuruhusu mtu apumue, akasema huyu ana macho ya bosi, huyu ni mkurugenzi. Jina alilitoa yeye. Huyu mgonjwa alikuwa nani basi, tulikuwa wagonjwa wawili? Shuleni wakamwita Mtoto wa Nyoka, akarudi na kola imechanika, nikamwambia mwanangu nitawagawa, kesho tu nawagawa, akanitazama kama nimemtukana, akasema "Ukiwagawa watajua wameshinda". Maneno ya mtoto ambaye bado ana pengo la meno. Na jana amesimama mlangoni anabandua rangi ya kucha.

Sasa naona mkono wangu unafanya nini, unaisukuma plagi ndani zaidi, mpaka imegota, wala sikuuagiza. Vizuri. Mwache mkono, una akili kuliko mimi niliyelala kama gogo. Na mtu wa gunia akija atanikuta mlangoni, gunia akafungie viazi. Lakini ngoja, nisijidanganye kwa ushujaa wa chumbani, ushujaa wa chumbani kila mtu anao, nikitoka nikasema ukweli mama wa watu anaweza kunyanyuka chai ikiwa nusu, wakaondoka, mlango ukafungwa taratibu kwa heshima, na mwanangu akanitazama kwa macho yale, asiseme nami mwaka, miaka, anampenda yule mwoga wa miwani, nimeona anavyompenda, anamkatia kucha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemvunjia... nalijua hilo. Nampenda kuliko chatu wote wa dunia, akiniambia nimpe figo nitamuuliza ipi. Figo ni yangu, nitatoa. Ila haya nisemeje kwamba ni ugonjwa, halafu niende kwenye harusi nimekaa mbele, mama mzazi aliyepona, nikila keki? Halafu wajukuu waje, wanifiche na mimi kila wakija wageni, kwa sababu anayekubali chumba chake kiitwe stoo naye ataitwa kitu cha stoo. Hapana. Aolewe, nitashangilia mpaka sauti ikauke, lakini aolewe kama mtoto wa fundi friji anayefuga chatu, na mwanamke wa sauti nene aniangalie usoni akiwa na woga wake wote, aulize anachotaka, apande juu ya meza akitaka, meza ni imara, niliikaza mwenyewe, mimi niliyebeba pipa la rangi natokwa jasho siwezi kumcheka mwoga. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nimezaa, nimezaa yule aliyeko sebuleni na nimewalea hawa walioko humu, sina sehemu ya kufichwa...

Katoa kichwa. Kichwa kizima, kimelowa, cheusi chenye mstari wa dhahabu, hakifiki hata ukucha wa kidole gumba, anatoa kaulimi anaonja hewa, hewa ya sabuni ya dada na chai ya wageni, na la pili nalo limechanika, na la nyuma yake linatikisika, feni inakohoa, Mkurugenzi hajasogea, viatu vinakuja kwenye korido, visigino vya dada, navijua, na mlango unagongwa kwa kucha, tatu tatu, sauti ya kunong'ona yenye meno: "Wewe! Mbona bado linanguruma? Toka, mama mkwe anakuulizia. Unafanya nini humo?" na ningeweza kumjibu kwa mnong'ono kama anavyotaka, nakuja dada, navaa dada, na kweli midomo ilishajikunja kwa hilo, lakini pumzi iliyotoka haikuwa ya mnong'ono, ilikuwa ile ninayoitumia gereji nikimwita mtu aliye upande wa pili wa barabara.

"Naatamia!"

"Nini? Punguza sauti..."

"Naatamia, dada! Mayai ya chatu yanapasuka! Waambie wageni nakuja, ila siwezi kuondoka saa hii, na anayetaka kuona mlango nitamfungulia!"

Huko sebuleni vijiko vimenyamaza.