Bi Harusi na Kigoda cha Upepo

Nilikuwa nimesimama uani kwa kina Victor tangu tulipotoka kanisani, na viatu vilikuwa vinanibana. Bi harusi hakai mpaka apewe kitu. Shangazi Dominika, dada wa baba mkwe, aliniletea kitenge, nikatazama pembeni. Akaleta kuku. Nikatabasamu.

"Haya, kumbe anapenda mchuzi huyu!" akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. "Sasa karibu kiti, mwanangu."

Viti vya kukodi vilikuwa vimejaa wageni kutoka Sumbawanga mjini. Shangazi akageuka huku na huku, akavuta kigoda kilichokuwa mlangoni, akakipangusa kwa khanga yake, akanisogezea. Nikakaa.

Upepo ukavuma ghafla, turubai la harusi likaondoka. Halikuchanika, liliondoka zima zima likatua juu ya mikaratusi. Shela langu likalifuata, na vifuniko vya sufuria vikabingirika hadi barabarani.

"Dominika!" Bibi Cornelia, bibi yake Victor, alitokea nyuma ya nyumba na kata ya pombe mkononi. "Umemkalisha wapi huyo mtoto?"

Kila mtu alishajua isipokuwa mimi. Victor akaniinamia, akaninong'oneza haraka haraka. Kigoda kile ndicho kinachoshika upepo wa kilima chao. Anayekaribishwa juu yake, upepo unamtii. Anayekikalia kwa kuiba anakalia mti tu. Kijiji kizima hupepeta ulezi kwa upepo wa Bibi, maana upepo mwingine hapa haufiki. Na mwenye nao haendi mahali ambapo kilima hakionekani. Akienda, unakufa.

Ulezi wa mwaka huu ulikuwa umeshapurwa, umelala uwanjani unangoja.

"Simama," akasema baba mkwe, Mzee Kalisti.

Nikasimama. Upepo ukasimama nami, ukanikaa mabegani kama mtoto anayetaka kubebwa. Bibi akakaa kigodani, akainua mkono. Hata jani halikutikisika.

Hapo maneno yakaanza.

"Watu wa ziwani hao! Upepo wa Kirando hauwatoshi, wamefuata na wetu!"

"Arudishwe kwao leo leo!"

"Arudishwe kwa kosa gani, na shangazi mtu ndiye aliyempa?"

"Ningejuaje mimi kuwa ndicho?" Dominika akalia. "Kitu cha enzi kimewekwa mlangoni kama ndoo!"

Mzee Kalisti hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia Victor taratibu kwamba mke hawezi kuingia kwenye nyumba kwa kumvua Bibi nguvu zake. Kisha akaagiza gari lililonileta ligeuzwe.

Victor akanishika mkono.

Kwetu Kirando, kando ya ziwa, nimekua nikilinda dagaa wa mama juani, na kazi ile ni ya kutazama tu: mawingu, kunguru, mbwa wa jirani. Watu wote walikuwa wanamtazama mzee. Mimi nikamtazama Bibi. Aliyenyang'anywa hakai vile. Alikuwa amenyoosha miguu, anachezesha vidole, na macho yake yalikuwa kwenye barabara ya Namanyere.

Nikapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeshanikomba, ndiyo unanisalimia?" Lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

"Bibi, mara ya mwisho kwenda Namanyere ilikuwa lini?"

"Sijawahi. Nilikaribishwa hapa nikiwa mdogo kuliko wewe. Binti yangu Hellena ameolewa Kasesya, nyumba yake naijua kwa picha za simu."

"Sasa kwa nini hukumkaribisha mtu akushikie?"

"Weee! Aliyenipa aliniambia, ukikiachia hukipati tena. Naye aliambiwa hivyo hivyo."

"Mimi nitakukaribisha ukirudi," nikasema. "Si ni kukaribishana tu?"

Bibi akacheka, akacheka mpaka pombe ikamwagika yote. "Kalisti! Kukaribishana tu! Na mimi nimekaa hapa kama mbuzi wa kamba!"

"Na akikataa kukurudishia?" Dominika akauliza.

"Akikataa atabaki hapa na wewe maisha yake yote. Unataka nimpe adhabu gani zaidi?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, na Dominika mwenyewe akiwemo.

"Mama, leo ni harusi," Mzee Kalisti akajaribu.

"Harusi nimeiona. Ziwa sijaliona. Hilo gari lisirudi Kirando tupu." Akaniinamia sikioni. "Usiuamrishe. Uite kama unavyomwita mtoto aje ale."

Akaondoka na kandambili zake, kichwa nje ya dirisha, akipungia mpaka mbuzi.

Sisi tukaenda kwenye ulezi, mimi na gauni langu jeupe. Hakuna aliyetaka kuanza. Mzee Kalisti akachota ungo wa kwanza, akauinua. Nikauita upepo. Ukaja mbio, ukammwagia ulezi na makapi yote kichwani.

Watu wakashika vinywa. Mzee akajifuta macho, akakung'uta koti, akainama kuchota tena.

"Polepole, mkwe," akasema.