Wageni Watangulie

Kabla waombolezaji hawajaondoka kwa marehemu Bogonko, pale Oyugis, minong'ono ilishaanza kwamba amerogwa. Mwanamume wa makamo, mwembamba, hanywi, havuti, nyama ya nguruwe haijui hata harufu, ataangukaje dukani mwake na kukata roho kabla hajaletewa maji? Dada yake Mokeira alisadiki nusu. Nusu nyingine ilimpeleka hospitali, kwa sababu daktari aliyeupasua mwili alisema mishipa ya moyo ilizibwa na mafuta ya damu, yaani kolesteroli, na kwamba mara nyingine hali hiyo hufuata ukoo. Mokeira alipopimwa, yake ilikuwa imepanda vibaya, naye hakuwa ameumwa hata kichwa.

Alibaki na ndugu mmoja, Nyangau, mkubwa wao, mzee wa kanisa la Sabato huko Migori. Kila alipompigia simu kumsihi akapimwe, Nyangau alicheka.

"Mimi na mboga zangu, kolesteroli itaingilia wapi? Hiyo ni ya watu wa nyama choma."

Mtu anayejisifia mboga ni mgumu kuliko mlevi. Mlevi angalau anajua ana kosa.

Wiki ya makambi, mikutano ya kanisa ya kila mwaka, ilipofika, Mokeira alimchukua Valentine, binti wa Bogonko aliyemaliza shule juzi, wakaenda Migori. Jumapili ya makambi kanisa huleta wauguzi wapime watu bure, na desturi ni kwamba wageni watangulie. Waumini hupanga viti, hubeba maji, hunyoosha foleni. Vifaa vikiisha huimba na kurudi nyumbani wakifurahia utumishi wao. Bogonko alisimamia foleni ya Oyugis hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, na yeye mwenyewe hakupimwa hata mara moja.

Walimkuta Nyangau mbele ya hema, tai shingoni, akielekeza watu.

"Ndugu yangu, keti upimwe," Mokeira alimwambia.

"Ngoja kwanza wageni waishe."

"Hata Bogonko aliwangoja wageni. Tumemzika."

Mokeira aliona haya kumwaibisha mkubwa wake hadharani, lakini hofu ya kumzika yeye pia ilizidi haya. Nyangau aliketi, akatoa kidole.

Muuguzi, Phelesia, alisoma mashine, akarudia kuisoma.

"Mzee, hii iko juu sana. Kesho uende hospitali wathibitishe, wakuanzishie dawa. Halafu uwe unarudi kupima. Hii kitu haiumi, ni kipimo tu inaweza kukuambia."

"Hizo dawa," Nyangau aliuliza polepole, "zimekuja juzi?"

"Hapana, mzee. Ni za kitambo."

Nyangau alimgeukia dada yake. "Kumbe angepimwa, Bogonko angekuwa hapa," alisema. Akalia mbele ya watu aliokuwa akiwapanga. Mokeira naye akalia, maana tangu mazishi alikuwa amelibeba neno hilo peke yake.

Nyangau alipangusa uso, akainuka. Alimshika Valentine mkono, akamketisha kwenye kiti, kisha akawageukia wageni.

"Mtatusamehe," alisema. "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Apimwe yeye kwanza."