Karatasi za Mlangoni

Wakubwa wakisema "safisha kila kitu," mdogo ndiye atakayebeba lawama ya hicho kila kitu. Hezron alilijua hilo kabla hajapanda basi la wasafishaji kule Batha, Riyadh, kuletwa Jeddah kwenye maonyesho. Ndani ya banda kubwa upande wa Ruwais palisimama hekalu la mbao la Kijapani, kongwe kuliko babu wa babu yake, lililofunguliwa ubao kwa ubao huko kwao na kuungwa upya hapa.

Akapiga deki, akapangusa nguzo. Mlangoni akakuta kamba nene ya majani makavu iliyoning'inizwa vikaratasi vyeupe vilivyokunjwakunjwa. "Mabaki ya sherehe haya," akasema. Akavikata, akavitia kwenye mfuko, na lori la taka likaondoka navyo.

Jeremy, msimamizi wao, Mkenya mwenzake, alipofika alisimama kama aliyekanyaga nyoka.

"Mzee Hezi! Zile karatasi ziko wapi?"

"Takataka? Zimeenda."

"Umenimaliza, buda! Hizo ndizo alama ya utakatifu wa mlango. Bosi yuko njiani na wageni. Akijua, likizo yako halas!"

Likizo. Lois, mkewe, mama wa mtoto wao Winfred, alipofariki, kafili, yaani mwajiri, alisema mafi ruhusa, hakuna ruhusa, na huko nyumbani Kenya wakamzika bila yeye. Tangu hapo Hezron alikuwa akiomba akalione kaburi tu, na safari ilikuwa keshokutwa.

"Nani aliniambia? Si mlisema kila kitu!"

Mzee Okabe, fundi Mjapani anayelitunza hekalu, akatokea nyuma ya nguzo. Akaitazama kamba tupu, akamtazama Hezron, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akasema karatasi zile hubadilishwa zikichakaa, na hizo zilizotupwa zilishachakaa, ila yeye alishikwa na uvivu. Akatoa makasi, akakata karatasi nyeupe, akakunja, zikaning'inia mpya.

Bosi akaja na wageni wake. "Leo pamependeza," akasema, akapita. Hakujua lolote, wakubwa ndivyo walivyo.

"Una bahati ya mtende, mzee," Jeremy akanong'ona. "Enda ufunge sanduku."

Lakini Okabe alikuwa akimpungia mkono aingie. Hezron akavua viatu, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Hakujua wenyewe huingiaje humo, basi akapiga hodi, kama mtu anayefika kwa wakwe. Akaketi juu ya mbao za baridi, akashusha pumzi ndefu.

"Naja, mama Winfred," akasema chini chini. "Safari hii hawakunizuia."