Betri Aliyoisifu Jomarie

Kimbunga kilitangazwa kufika mji wa Ormoc kabla ya giza. Florisa alikuwa amepiga magoti sebuleni, akiitazama betri kubwa aliyoinunua juzi. Alikuwa ameichaji ikajaa, kisha akaichomekea mashine ya oksijeni ya mama yake ili aijaribu kabla umeme haujakatika. Video aliyoiona mtandaoni ilisema betri itakesha na mashine kama hiyo. Kabla uji wa mchele haujachemka jikoni, robo nzima ya chaji ilikuwa imekwenda.

"Mbona umenuna?" Mama Consorcia aliuliza kutoka kitandani, mpira wa hewa puani.

"Sijanuna, mama. Naangalia tu."

"Si ndiyo ile ya Jomarie? Basi tulia. Jomarie hawezi kunidanganya mimi."

Hapo ndipo walipopotea, tena macho wazi. Jomarie alikuwa mchambuzi wa vifaa vya umeme mtandaoni, video zake zikitazamwa visiwa vyote vya nchi, lakini kwao alikuwa mtoto wa ubatizo wa Consorcia. Mama huyo ndiye aliyemshika kanisani alipobatizwa, na kila sikukuu ya mtaa kijana alikuja kwao kula nguruwe wa kuchoma. Nani angemuuliza nani kamlipa? Walimwamini kwa udugu, kazi yake hawakuipima.

Florisa aliichomoa betri, akairudisha mashine ukutani, akafungua ile video upya. Safari hii hakusikiliza maneno, alizikodolea macho tarakimu za chaji kwenye betri. Jomarie alichomeka feni, akachomeka simu, akacheka, na kila tarakimu zilipokaribia kushuka, picha ilikatwa. Akaonekana mahali pengine akisimulia rangi na uzito. Hakuna hata mara moja betri ilipoachwa ifanye kazi mpaka izime. Hasira zikampanda, na nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe. Akampigia simu.

"Dada Florisa! Mko salama? Mama wa ubatizo anaendeleaje?"

"Nijibu kama uko mbele ya padri. Ile betri itafika asubuhi na mashine ya mama?"

"Ah, dada, inategemea. Unajua kila kifaa kina..."

"We Jomarie! Hayo kawaambie wafuasi wako. Itafika, haifiki?"

Upepo ulikuwa umeanza kuyapiga mabati.

"Kwani mliinunua?" aliuliza, sauti imemnywea.

"Si wewe uliyesema tununue!"

"Msiitegemee, dada. Nakuja."

Maduka yalikwisha fungwa, ikabaki kungoja. Umeme ukakatika. Florisa aliichomeka tena betri ile, maana hakuwa na nyingine, akakaa akitazama tarakimu zikiporomoka na kifua cha mama kikipanda na kushuka. Alimwombea Jomarie barabara iwe salama, na papo hapo akamlaani.

Mlango uligongwa tarakimu zikiwa zimeanza kuwaka nyekundu. Jomarie aliingia amelowa chapachapa, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa nailoni. Hata katika haraka ile hakusahau adabu: aliuchukua mkono wa Mama Consorcia, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe kwa heshima. Kisha akafungua mzigo. Ndani mlikuwa na betri kuukuu, imechubuka pembe, ya kampuni nyingine kabisa. Akaichomeka, mashine ikaendelea kuvuma.

"Hii ya nani?" Florisa aliuliza.

"Ya nyumbani kwangu. Niliinunua mwenyewe."

"Ehee! Kumbe ya kununua unaijua, na ya kusifia unaijua!"

Mama Consorcia alivuta hewa taratibu, akamgeukia Jomarie.

"Na wenzangu je, mwanangu? Wagonjwa walioinunua, na hawana mtoto wa ubatizo wa kuwaletea nyingine?"

"Nilisaini mkataba, mama. Kampuni itanishtaki."

"Sikukuuliza habari za kampuni."

Nje kitu kizito kiling'oka kikaanguka. Florisa aliangalia simu yake. "Mtandao bado upo. Wahi uwaambie kabla mnara wa simu haujalala."

Jomarie alijifuta uso kwa kiganja, akaiinua simu yake mwenyewe ajirekodi. Florisa akamulika tochi.

"Ndugu zangu, mimi Jomarie," alianza. "Nililipwa. Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa, ile betri niliyoisifu msiitegemee. Samahanini sana." Akashusha simu.

"Inua," Florisa akamwambia. "Hujataja jina la betri."