Mkia wa Kijiti cha Oksijeni

Tangu mkewe Kadzo azikwe, kilichobaki kumsikiliza Mzee Masha ni tanuri la chokaa, na sasa wakubwa walitaka kumtenganisha nalo. Meneja Nicholas, kijana wa bara mwenye viatu visivyojua vumbi, alitangaza mbele ya wapakizi wote: kijiti cheupe kilichochomekwa kwenye bomba la moshi kitapima oksijeni siku tatu, kazi ambayo Masha aliifanya kwa kutazama moshi. Kikifaulu, mzee arudi kwao Magarini.

Trizah, fundi aliyekileta, alieleza kinavyofanya kazi. Meneja alikuwa kwenye simu, akasikiliza Masha peke yake.

“Shikamoo babu. Kichwa kiko kwenye joto kali, mkia uko huku kwenye upepo. Hiyo tofauti ya joto inazaa umeme kidogo, na umeme unabadilika hewa ya kulisha moto ikizidi au ikipungua. Joto likilingana, kijiti kinakuwa bubu.”

“Marahaba. Basi ni kama mimi na meneja. Mmoja aungue, mwingine apepewe, ndipo kazi inakwenda.”

Siku ya pili Nicholas akauona mkia. “Mbona umeachwa uchi? Chumvi ya bahari itaula! Funika.”

“Meneja, yule binti alisema—”

“Mzee, wewe umesoma mpaka wapi?”

“Mpaka mlangoni.”

“Basi funika.”

Masha akafunika. Pwani nzima hajatiiwa mtu hivyo: magunia manne, makumbi ya nazi, udongo juu, kisha lipu laini kama kaburi la tajiri.

Kufika adhuhuri mkia umeiva, namba ya oksijeni kwenye kipimo imeanguka hadi sufuri.

“Hakuna hewa!” Nicholas akapiga kelele. “Fungueni matundu yote!”

Moshi ulikuwa mwembamba, wa buluu; hewa tele. Masha akauma ulimi. Tanuri liharibike, wajue nani anajua moto. Lakini mawe yale aliyapanga yeye, moja moja, na yakiungua kupita kiasi hayatoi chokaa.

“Meneja, kabla hatujafungua, hebu ushike huo mkia.”

Nicholas akaushika. Akaruka, akipuliza vidole. Wapakizi wakageukia ukutani, mabega yakiwatetemeka.

Trizah akapigiwa simu. “Nani kaufunika?” sauti yake ikasikika kwa wote.

“Mimi,” Masha akajibu. “Kwa amri, na kwa magunia manne.”

“Fukueni! Na mwekeni mtu anayejua moshi. Kijiti hakiwezi kujua kwamba kimefunikwa.”

Nicholas akatazama viatu vyake. “Mzee… kesho uje.”

“Na kesho kutwa?”

“Na kesho kutwa. Na siku zote.”

Masha akabandua lipu, akavuta magunia, kisha akampa meneja kipepeo cha makuti.

“Pepea mkia taratibu, bosi. Mimi natazama moshi.”