Mikono Mitatu kwenye Sinia Moja

...wa kushoto, mkono unaoinuka kutoka gotini kwa Casimir ni wa kushoto, na Zuwena anauona ukija kwenye sinia polepole kama mtu asiye na habari, na askari aliyeketi mkekani mbele yao, bunduki kailaza mapajani, naye anauona, au bado hajauona, macho yake yako kwenye ugali wa muhogo unaofuka moshi, bismillahi imekwisha kusemwa, wote watatu wameisema, hata huyo askari mwenye msalaba shingoni, na hakuna tena neno la kuweka kati ya mkono na chakula... amesahau vipi jambo hili, yeye Zuwena binti Athumani, mjane, msuka mikeka, mwanamke ambaye soko zima la Rumonge linamwogopa kwa kukumbuka, alimfundisha Casimir, kijana wa watu, kila kitu, kutawadha, kukaa, kuitwa Ramazani, jina la marehemu mwanawe, na kugeuka bila kuchelewa, alimfundisha Alhamdu gizani ndani ya ghala la mawese, panya wakiwapita miguuni, mpaka akaisoma vizuri kuliko Ramazani mwenyewe, Mungu amrehemu, na hakumfundisha mkono, kwa sababu nani anafundishwa mkono, mkono si jambo la kumfundisha mtu mzima aliyesoma hadi Kongo, ni jambo la mtoto anayetambaa, unamchapa kofi dogo, unamfunga kitambaa, anakua anajua, na huyu kijana katika miaka miwili ya kupanga chumba cha uani alikuwa akipelekewa chakula chake mezani kwake, na kijiko, mlango akaurudisha, Mkristo na adabu zake, na tangu alipoingia ghalani amekula gizani, kwa hiyo hajawahi kumwona akila, lakini chaki, jamani, chaki aliiona, shati lake la shule lilikuwa na vumbi la chaki kwenye kiwiko cha kushoto kila Jumamosi ya kufua, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifua, mikono hii ikasugua kiwiko kile, na kichwa hiki hakikuuliza...

Na lori la jeshi bado liko barabarani, injini haijazimwa, linanguruma tu, ndani yake kuna watu waliokalishwa chini vichwa vimeinamishwa, alipochungulia kupitia tundu la uzio hakuona nyuso, aliona migongo, na mgongo mmoja ulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, shati la mwalimu, tangu mwisho wa Aprili waliposhuka wale wenye mapanga na kuua hapa pwani, kisha jeshi likaja nalo likaua kwa zamu yake, na likiisha kuua halikuondoka, sasa linapita shule kwa shule, ofisi kwa ofisi, likichukua Wahutu waliosoma, mwalimu kama Casimir, karani, mwanafunzi wa koleji mwenye kalamu mfukoni, wanaambiwa wanakwenda kuulizwa maswali, na mpaka leo hakuna aliyerudi kusema aliulizwa swali gani... huyu askari aliingia adhuhuri bila kupiga hodi, akasalimu "Amahoro, mama," akaketi kwenye mkeka wake mpya ambao hata haujapata mnunuzi, akamtazama Casimir ndani ya kanzu ya Ramazani na kofia ya Ramazani, akamtazama yeye, akarudi kwa Casimir, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili dukani, "Huyu iko nani?" "Iko mutoto wangu, chefu, Ramazani." "Mbona hamufanani?" "Anafanana na baba yake." "Na baba yake iko wapi?" "Iko Kigwena, kwenye makaburi, ukitaka kwenda kumuuliza," akauma ulimi, ulimi huu utamwua siku moja, lakini askari alicheka, alicheka kwa pua tu, akasema "Asome, tusikie," na Casimir akasoma, sauti haikutetemeka, kila herufi mahali pake, waladh-dhaalin akaivuta vizuri, na Zuwena muda wote huo alikuwa akiuchunga mkono wa kulia, ule wa kulia ndio aliouogopa, mkono uliolelewa misheni, kwa sababu Casimir akimaliza kusali huwa unajipandia wenyewe kwenye paji la uso kufanya msalaba, na kweli, amina ilipotoka, ukapanda, ukafika kwenye paji, kisha vidole vikajikunja, vikafuta jasho, vikashuka... Zuwena akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, mwanamke mpumbavu, alikuwa amemzibia mwizi mlango wa mbele na wa nyuma akamwachia, maana askari hapo ndipo aliponyoosha miguu na kusema, kwa upole kabisa, "Mama, mimi nimekulia Buyenzi, karibu na musikiti. Waswahili nawajua sana, nimekula kwenu kuliko kwetu. Leta chakula basi, tukule na Ramazani," na upole ule ndio uliomtia baridi, akapakua kwa mikono isiyo yake, ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese, na ugali, akawanawisha kwa birika, Casimir akanyoosha mikono yote miwili chini ya maji, na maji hayachagui...

Unakuja bado, huo mkono, umefika ukingoni mwa sinia, vidole virefu vya mtu wa kalamu, vidole hivyohivyo vilivyowahi kumchomolea miwaa miwili ya ukindu kwenye kazi yake akiwa barazani, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, "Niazime, mama Ramazani, nikuonyeshe a-de-en," maana alikuwa na tabia ya kumfundisha yeye kwanza somo la kesho, alisema ukinielewa wewe watanielewa hata wale wa dawati la nyuma, na yeye akimjibu haya mwalimu, leta hayo mambo yako ya wazungu, akaisokota ile miwaa ikazungukana, akasema ndani ya kila chembe ya mwili wako, mama, chembe usiyoweza kuiona, kuna uzi wa namna hii, nyuzi mbili zimesokotwa kama ngazi ya kamba, na ukizinyoosha zote za chembe moja zinapita urefu wa mtu, "Na zinakaa wapi zote hizo, mwalimu, mbona mimi sijanenepa?" akacheka, akasema vipago vya ngazi ni vya aina nne tu, adenini, timini, guanini, sitosini, na kila kimoja kina mwenzake, adenini hamtaki mwingine ila timini, guanini hamtaki mwingine ila sitosini, basi ukiwa na upande mmoja tu wa ngazi unajua upande wa pili ulikuwaje, na chembe inapotaka kuzaa chembe nyingine uzi unafunguka katikati, hivi, akaitenganisha miwaa, kila upande unabaki peke yake, uchi, na huko unakoogelea kuna vipande vimezagaa, unaviita, kila kimoja kinakuja kwa mwenzake, mpaka ngazi moja imekuwa mbili, na kila nakala ina upande mmoja wa zamani na mmoja mpya, na Zuwena akasema kumbe ni kama mjane aliyeolewa tena, akasema tena, ndiyo maana wakubwa walisema mficha uchi hazai, na mwalimu akapiga goti lake kwa furaha, kesho yake akaenda kuwaambia watoto shuleni kwamba msemo ule una biolojia ndani yake... alikuwa na furaha siku hizo, akisoma magazeti ya Ulaya yaliyofika yamechelewa, akisema huko wamekwisha kupata mikasi ya kuukata uzi, midogo kuliko wadudu, wanakata hapa wanaunga pale, na Zuwena aliuliza wanatafuta nini ndani ya mtu, akajibu kila kitu, mama, anatoka wapi, ni wa nani, na yeye hakuipenda ile "ni wa nani", aliingia ndani kuangalia chungu, hata sasa haipendi, ni wa nani, ndilo swali la huyu aliyekaa hapa, na mkasi wake uko mapajani...

Sinia, tazama sinia, mwache aguse, la, mkanyage mguu, yuko mbali, kohoa, ukikohoa askari atainua macho na akiinua atauona, useme nini, useme Ramazani hajisikii vizuri, useme... Ramazani naye alikuwa wa kushoto, hilo nalo leo limetoka wapi, Ramazani alizaliwa hivyo, alitafuta ziwa la mama kwa kushoto, alipoanza kula baba yake, marehemu Shafii, akasema mfunge, shetani ndiye anayekula kwa kushoto, na yeye akachana kipande cha kanga, kila mlo akamfunga mtoto mkono mgongoni, mtoto analia, uji unamwagika, mpaka mkono ukasahau, lakini haukusahau, ulikuwa ukijificha tu, siku ile ya uhuru watu walipojaa ufukoni na ngoma, Ramazani mtu mzima tayari anapunga bendera ya karatasi kwa kushoto, baba yake akamgusa bega, "Hata bendera?" na yeye akajibu "Baba, si ndiyo uhuru?" wakacheka wote hadi machozi, wangejua uhuru wenyewe una nini tumboni wangebakiza machozi hayo... kisha ziwa likamchukua huko Magara akivua usiku, pamoja na taa yake na wavu wake, mtaa mzima ulimzika, na mtaa mzima leo umepatwa na usahaulifu, hakuna jirani aliyemwambia askari kwamba Ramazani wa Zuwena yuko chini ya udongo, Mungu awalipe, lakini mkono huu hauna jirani wa kuunyamazia... na mama yake Zuwena, marehemu, siku alipomwona anamfunga mjukuu, alisimama mlangoni akasema taratibu, na wewe tulikufunga hivyohivyo, umesahau, mkono ukahamia kwenye ukili wa mikeka, na Zuwena alidhani ni utani wa kizee, kwa sababu ni kweli mikeka yake inasukwa kinyume, sokoni wanaijua, mwaa wa wenzake unalalia kulia wake unalalia kushoto, wanasema mkeka wa Zuwena umesukwa ndani ya kioo, na huyu askari ameukalia mmoja sasa hivi bila kujua amekalia nini...

Na kosa je, Zuwena aliuliza siku ile ya miwaa, ukinakili uzi mrefu hivyo hukosei, maana hata mimi nikiongea na mtu huruka mwaa, na mwalimu akafurahi tena, akasema hilo ndilo swali, mama, makosa yapo, mara adenini anawekewa asiye wake, na kosa moja tu la mahali pabaya laweza kumwua mtoto kabla hajazaliwa, lakini kuna fundi anayepita nyuma, anapapasa ngazi kipago kwa kipago, hajui lipi ni zuri lipi ni baya, anachotafuta ni kipago kisichooana na mwenzake tu, akikikuta anakata, anatupa, "Na asipokikuta?" basi, akichelewa, uzi ukafunguka tena ukanakiliwa na lile kosa, upande wa pili nao umelibeba, vyote viwili vinaoana, fundi akipita anapapasa, anaona sawa, anakwenda zake, na hapo, mama, halihesabiwi kosa tena, linaitwa ukoo... linaitwa ukoo, alisema hivyo, akairudisha miwaa yake kwenye tita, akaenda kula kwa kijiko chake.

Mkono umegusa ugali. Askari ameacha kutazama moshi. Anautazama mkono, kisha uso wa Casimir, na kidole gumba chake kinatembea kwenye ubavu wa bunduki, huku na huku, kikipapasa, na Casimir ameona anatazamwa, ameuona mkono wake mwenyewe, tonge limekwama kati ya vidole, hawezi kulirudisha na hawezi kulipeleka kinywani, na "Ramazani," askari anasema, laini, "Ramazani mutoto wa Muswahili..." na Zuwena hamsikilizi tena, hofu iko palepale, lakini chini ya hofu kuna kitu kimetulia, anajua la kufanya, na anachoshangaa ni kwamba haoni aibu, miaka hamsini na zaidi hajapeleka mkono huo kwenye chakula, ni mkono wa msalani, mkono wa shetani, na kama kuna shetani kwenye mkeka huu leo si yeye anayekula kwa kushoto, anaufungua mkono, anaupitisha mbele ya magoti ya askari, mbele ya bunduki, anaushusha kwenye sinia karibu na ule wa kijana, na mkono unajua njia, hilo ndilo linalomshtua, haubabaiki, unamega, unaviringisha, unabonyeza kishimo cha mchuzi kwa gumba, kazi safi, kana kwamba tangu utoto ulikuwa ukifanya hivyo ndani ya usingizi, tonge linazama kwenye mawese, linafika mdomoni, anatafuna.

"Na weye, mama?"

"Ku nyumba hii tuko hivi, chefu," anasema, na sauti ni yake ileile ya sokoni. "Mama yangu alikuwa na mukono wa hivi, na mimi, na mutoto wangu huyu. Walitupiga, haikusaidia. Na mukeka huu unakalia, uangalie vile unakwenda." Na anaposema mutoto wangu anangoja uwongo umchome kinywani kama ulivyomchoma tangu adhuhuri, na haumchomi, ametafuta ndani mahali unapochoma na hapapati, kuna mkono wa kijana ulioachwa hewani peke yake na kuna wa kwake uliokuja kukaa kando yake, inaoana, Ramazani wa Magara hajaondolewa popote, na huyu ni wake, huyu ni wake, wakimchukua watakuwa wamechukua wa kwake, ndilo jambo alilolijua sasa hivi na ambalo litamwumiza vibaya kuliko hofu yote ya leo. Casimir anapeleka tonge mdomoni. Askari ameinamisha macho, anauangalia mkeka, anafuata mwaa mmoja kwa kidole tangu gotini kwake hadi ukingoni, kisha mwingine, mkono wake wa kulia uko safi, haujagusa chakula, na nje lori bado linanguruma. Zuwena anamega tonge la pili, kwa mkono uleule.